Mapambo ya Mbao kwa Zawadi za Krismasi na Idd: Namna ya Kuyatengeneza Yasipasuke

Kila Januari naletewa mapambo yaleyale yaliyoharibika. Nyota yenye ufa ulioanzia kwenye tundu la uzi ukashuka hadi katikati. Kipande cha tawi kilichoachama upande mmoja kama mdomo wa samaki. Kengele iliyong'aa siku ya kufungwa, sasa inanata vidoleni na kuokota vumbi. Wanaoniletea si wavivu. Wamekata vizuri, wamepiga msasa kwa bidii, na bado zawadi imeharibikia mikononi mwa mtu wanayempenda.

Karibu mara zote kosa lilifanyika kabla msumeno haujaguswa: mbao ilikuwa mbichi, au ilikuwa imekauka nje tu. Kosa linalofuata ni kupaka mafuta ya kupikia. Yanayobaki ni madogo, msasa unayamaliza.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye meza imara, zana za mkono na jioni chache za wiki. Mashine si lazima. Kama unalenga Krismasi, anza wiki ya kwanza ya Oktoba. Kama ni Idd, hesabu wiki 10 kurudi nyuma, ukikumbuka kwamba Idd huwahi kwa siku 10 au 11 kila mwaka, hivyo usiende na tarehe ya mwaka jana.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Vibao vikavu vya unene wa milimita 8. Ubao wa upana wa inchi 4 na urefu wa futi 4 hutoa mapambo 12 ya ukubwa wa kiganja.
- Mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Usiiruke. Ndiyo zana muhimu kuliko zote kwenye orodha hii.
- Msumeno wa upinde wenye wembe mwembamba, ule wa kukatia mizunguko, na nyembe za akiba tano au sita. Zinakatika.
- Drili ya mkono au keekee, na ncha ya milimita 3.
- Klampu mbili, au jiliwa kama unayo.
- Tupa moja bapa upande mmoja na yenye mgongo wa duara upande wa pili.
- Msasa namba 80, 120, 180 na 240.
- Kisu kidogo chenye makali, na patasi nyembamba kama utachonga nakshi.
- Nta ya nyuki, pamoja na mafuta ya parafini yanayouzwa duka la dawa. Nitaeleza hapo mbele, maana watu hukosea jina hili kwa hatari.
- Barakoa ya vumbi. Ile ya kitambaa haitoshi.
- Uzi wa pamba au kamba nyembamba ya katani, penseli, kadibodi ya boksi, na vitambaa vya fulana iliyochakaa.

## Hatua ya 1: Tafuta mbao inayofaa

Usikimbilie kununua ubao mzima. Nenda karakana ya seremala jioni, saa anapofagia.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Haya masalio ya mtiki huwa yanakwenda wapi?"

"Mama ntilie huja kuyachukua ya kuwashia moto. Chagua unayotaka."

Chagua, kisha mlipe, hata kama ni kidogo. Fundi uliyemlipa ndiye atakayekuwekea vipande vizuri mwakani, na ndiye atakayekupasulia ubao wa inchi 1 kuwa vibao viwili vya milimita 8 bila kinyongo.

Kwa anayeanza, mtiki (wengine huuita msaji) ni rafiki mkubwa. Hausinyai sana, una mafuta yake ya asili, na masalio yake hupatikana kirahisi kwa mafundi wanaonunua mbao za mashamba kama Longuza kule Muheza na Mtibwa mkoani Morogoro. Msonobari wa Sao Hill, Mufindi, ni mwepesi na hukatika kirahisi, lakini ncha zake huvunjika upesi na utomvu wake huziba msasa. Mjakaranda ni mweupe, laini, unachongeka vizuri; wachongaji wa Kikamba nchini Kenya wanautumia sana siku hizi, kwa kuwa mpingo na muhugu umekuwa adimu. Mwembe una rangi nzuri ajabu, ila wadudu wanaupenda kuliko sisi.

Mpingo je? Napenda kuushika, lakini siupendekezi kwa kazi hii. Kwanza ni mzito: duara la kipenyo cha sentimita 7 na unene wa milimita 6 lina karibu gramu 30 likiwa la mpingo, gramu 15 likiwa la mtiki, na gramu 11 au 12 likiwa la msonobari. Mti wa Krismasi wa huku pwani mara nyingi ni tawi la mvinje, na vijiti vyake ni vyembamba kama nywele. Ukitundika gramu 30, tawi linainama mpaka sakafuni. Pili, mpingo na ndugu zake wote wa jenasi ya Dalbergia wamo katika orodha ya CITES (mkataba wa kimataifa wa kulinda viumbe pori) ya mimea ambayo biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa, tangu Januari 2017. Zawadi ya mtoto isiwe sababu ya maswali uwanja wa ndege.

Tahadhari. Usitumie mbao yenye rangi ya kijani ya dawa, ile ya nguzo na ya kenchi. Dawa hiyo aghalabu ina shaba, kromiamu na aseniki, na mtoto atatia pambo mdomoni. Ukiokota mbao za paleti, tazama muhuri wake: HT maana yake ilitibiwa kwa joto, chukua; MB maana yake ilifukizwa kwa gesi ya sumu, iache. Isiyo na muhuri iache pia.

## Hatua ya 2: Kausha, na upime kwa mizani

Hapa ndipo pa kuweka subira yako yote.

Mbao mbichi imejaa maji. Yakitoka, mbao husinyaa, lakini haisinyai sawasawa. Kwa urefu wa nyuzi, yaani ile mistari ya mbao inayofuata urefu wa gogo, haipungui hata kidogo cha kuonekana. Kwa upana inapungua, na kuuzunguka moyo wa mti inapungua karibu mara mbili ya inavyopungua kutoka moyoni kwenda kwenye gome. Shika hilo, maana linaeleza nyufa zote ulizowahi kuziona.

Chukua mfano wa kile kipande cha duara kilichokatwa kwenye tawi, chenye gome pembeni, ambacho kila mtu anakitaka kwa sababu kinapendeza kwenye picha. Mzunguko wake unataka kufupika sana. Nusu-kipenyo chake kinataka kufupika kidogo tu. Mkanda umebana, tumbo halijapungua. Lazima mahali fulani paachie, na panapoachia ni ule ufa mmoja wa pembetatu kutoka gome hadi katikati. Hukukosea kukata. Kipande cha namna ile kimezaliwa na ufa wake.

Ndiyo maana nakusihi utumie vibao vilivyopasuliwa kwa urefu wa gogo, visivyo na moyo wa mti ndani yake. Kama ni lazima iwe kipande cha tawi, kata kwa kulaza msumeno ili kitoke cha yai badala ya duara, tumia tawi lisilozidi unene wa sentimita 5, na kata viwili kwa kila kimoja unachohitaji. Nusu utazipoteza, na hiyo si bahati mbaya.

Sasa ukaushaji wenyewe.

Kata vibao vyako kwa vipande vya mraba vya sentimita 10, vikubwa kidogo kuliko pambo litakavyokuwa. Vipange kivulini, mahali pepo zinapita, ukiweka vijiti viwili vyembamba kati ya kila safu ili hewa ipite juu na chini. Juu kabisa weka tofali ili visijikunje. Usivianike juani. Jua hukausha ngozi ya mbao haraka, ngozi inajibana juu ya nyama iliyo bado mbichi, na nyufa ndogondogo zinafunguka miishoni.

Weka alama kwenye vipande vitatu: kimoja cha juu, kimoja cha kati, kimoja cha chini. Vipime na uandike tarehe na gramu kwa penseli juu ya kipande chenyewe. Rudia kila wiki.

Mbele yangu hapa mezani nina kimoja cha mtiki. Mgongoni kimeandikwa kwa mwandiko wangu: 74, chini yake 61, kisha 55, 53, 52, na 52 tena. Ile 52 ya pili ndiyo niliyokuwa naingoja. Uzito ukigoma kushuka kwa wiki nzima, mbao imelingana na hewa ya mahali pako.

Watu huniuliza, "Ni wiki ngapi?" Siwezi kukutajia, na usimwamini anayekutajia bila kuiona mbao yako. Kipande cha mjakaranda kilichokatwa juzi na sazo la mtiki lililolala karakana miezi 8 havina kalenda moja. Mizani ndiyo kalenda.

Mwaka wa kwanza nilioufanya mradi huu sikuwa na mizani. Nilitengeneza mapambo 24 ya mwembe uliokatwa mwezi wa Novemba uani kwetu, nikayagawa kwa familia nzima mkesha wa Krismasi. Kufikia Mwaka Mpya, bibi yangu alikuwa amelifunga lake kwa uzi mwekundu ili lisiachane, akaendelea kulitundika. Sijasahau uzi ule.

Kama zawadi inakwenda Ulaya au Amerika Kaskazini, endelea zaidi. Mbao iliyokaa Dar es Salaam au Mombasa hubaki na unyevu wa karibu asilimia 14 hivi, kwa sababu ya hewa ya bahari. Nyumba ya Toronto au Oslo wakati wa baridi huwashwa vipashajoto mchana na usiku, na mbao ndani yake hushuka hadi asilimia 6 au 8. Pambo lako litaendelea kukauka likiwa ukutani kwa mpokeaji. Kwa hiyo baada ya uzito kusimama, vitie vipande kwenye ndoo yenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vya chembechembe za kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, vingi kadiri utakavyopata, kwa wiki mbili. Vitashuka gramu nyingine mbili au tatu. Kisha usivitoe nje hadi siku ya kuvitia ovenini na kuvikata.

Dalili ya kufaulu: mizani imesimama, kipande hakihisiki baridi ukikigusa na shavu, na ukikigonga kwa ukucha kinatoa mlio mkavu. Mbao mbichi hutoa mlio wa kubweteka.

## Hatua ya 3: Ua wadudu kwa joto

Ukiona vitundu vidogo kama vya sindano na unga mweupe chini ya pambo, kuna kiwavi ndani aliyekuwamo tangu mwanzo.

Kiwango cha kimataifa cha mbao za kufungashia mizigo, ISPM 15, kinataka mbao ifike nyuzi joto 56 hadi katikati yake kwa dakika 30 mfululizo. Kwa vibao vya milimita 8, ovena iliyowekwa nyuzi 70 kwa saa moja na nusu inakufikisha hapo na kuzidi. Huna ovena? Jirani anayeoka keki anayo. Kama haishuki hadi 70, acha mlango wazi kidogo kwa kijiko cha mbao na usiondoke karibu.

Fanya hivi kwa mbao iliyokwisha kukauka tu. Mbichi itapasuka humohumo ovenini.

## Hatua ya 4: Chora kwa kufuata nyuzi

Kata kiolezo cha kadibodi kwanza, ili mapambo yote yafanane na usichore upya kila mara.

Maumbo yanayotoka vizuri kwa mkono ni samaki, jahazi lenye tanga moja, kengele, ndege aliyekunja mabawa, nyota nene na mwezi mwandamo. Yenye shingo nyembamba, kama twiga, yaache mpaka mkono uzoee.

Mbao ina nguvu kufuata nyuzi zake na ni dhaifu ukizikata. Kwa hiyo sehemu nyembamba ya umbo ilale sambamba na nyuzi. Jahazi: mlingoti ufuate nyuzi. Samaki: kutoka mdomo hadi mkia. Mwezi mwandamo ndio unaovunjwa zaidi, pembe zake mbili zikidondoka hata kabla ya msasa. Vuta mstari wa kufikirika kutoka ncha moja ya pembe hadi nyingine, kisha laza kiolezo ili mstari huo uende sambamba na nyuzi. Pembe zitadumu.

Nyota ya ncha tano haina mlalo unaoziokoa ncha zote. Ielekeze ncha moja juu kufuata nyuzi, na ncha za pembeni zifanye fupi na nene. Nyota iliyonona kidogo hupendeza zaidi ikiwa ya mbao kuliko ile kali ya kwenye bendera.

## Hatua ya 5: Toboa tundu kabla ya kukata

Watu wengi hukata umbo kwanza, kisha hutoboa tundu la uzi mwishoni. Hapo mbao imebaki kidogo sana kuzunguka tundu, na ncha ya drili inaipasua kama shoka.

Toboa kikiwa bado mraba. Acha angalau milimita 6 kutoka katikati ya tundu hadi ukingo wa umbo. Weka ubao mwingine usio na kazi chini yake, uvibane vyote kwa klampu, kisha zungusha polepole bila kukandamiza. Ubao wa chini unazuia nyuzi za upande wa pili zisinyanyuke.

Dalili ya kufaulu: tundu lina ukingo safi pande zote mbili na mwanga unapita wima.

## Hatua ya 6: Kata

Tengeneza kwanza meza ya kukatia. Chukua kipande cha ubao wa inchi 1, kikate mkato wa herufi V wenye kina cha kidole, ukibane ukingoni mwa meza V ikitokeza nje. Pambo litalala juu ya V, na wembe utapita katikati yake. Bila kitu hiki mbao inarukaruka na wembe unakatika.

Funga wembe meno yakielekea mpini, na mpini uwe chini. Hivyo msumeno unakata unapouvuta kwenda chini, na mvuto huohuo unaibana mbao kwenye meza.

Kata nje ya mstari kwa milimita moja. Usiuzungushe msumeno kwenye kona kali; geuza mbao, huku ukiendelea kuvuta msumeno palepale bila kusonga mbele mpaka wembe utengeneze nafasi ya kugeukia. Kwa umbo lenye mabonde, kama katikati ya ncha za nyota, kata kwanza mistari ya moja kwa moja kutoka nje hadi bondeni, kisha ondoa vipande kimoja kimoja.

Mkono wa kushikia usikae kamwe mbele ya wembe. Na ukichoka, acha. Nyembe nyingi ninazokatisha huwa za baada ya saa 3 usiku.

## Hatua ya 7: Tupa, kisha msasa

Vaa barakoa kabla ya hatua hii. Taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani imeliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Fanyia kazi nje, upepo ukiwa mgongoni kwako, watoto wakiwa mbali. Ukiwashwa ngozi kwa vumbi la mwembe, osha kwa sabuni na uhamie mbao nyingine.

Tupa inaondoa ile milimita moja uliyoibakiza. Upande wa duara ni wa mabonde, upande bapa ni wa migongo.

Msasa unaanza na 80, kisha 120, 180, 240, daima kufuata nyuzi. Usiruke namba. Mikwaruzo ya 80 haiondoki kwa 240, inajificha tu, na mafuta yakigusa inajitokeza yote kwa pamoja. Zungushia kingo zote mpaka zisiume kiganja.

Baada ya 180, lowesha kitambaa, kikamue sana, pangusa pambo mara moja na uliache likauke saa moja. Utahisi limekuwa na vinyweleo. Hivyo ni vinyuzi vilivyolala vikasimama kwa maji. Vikate kwa 240 na havitasimama tena.

Dalili ya kufaulu: pitisha soksi ya nailoni juu ya pambo lote. Ikinasa popote, rudi hapo.

## Hatua ya 8: Nakshi, kama unataka

Pambo tupu lenye mistari mizuri ya mbao linajitosheleza, na mara nyingi nashauri uliache hivyo. Lakini kama mkono unawasha, tazama fremu za milango ya Zanzibar: mnyororo, waridi, samaki. Mnyororo mdogo ukingoni mwa kengele unachongwa kwa kisu tu, mkato mmoja kulia, mkato mmoja kushoto, kipande kinaruka.

Chora kwa penseli kwanza. Kata kina cha milimita moja, si zaidi, kwa sababu pambo lenyewe lina milimita 6 au 7. Mgongoni andika jina la mpokeaji na mwaka. Miaka 15 baadaye mwaka ndio wanaoutafuta.

## Hatua ya 9: Mafuta na nta

Mafuta ya alizeti, ya mawese, ya karanga: yote yaache jikoni. Ya alizeti hukauka nusu na kubaki kama gundi. Vumbi linashika na halitoki. Mengine huchacha na kunuka kabatini.

Nunua duka la dawa yale mafuta meupe ya parafini yasiyo na harufu, ambayo watu hunywa kulainisha choo. Sema wazi ni ya dawa. Kenya neno parafini humaanisha mafuta ya taa, na kuna msomaji aliyepaka mafuta ya taa zawadi za watoto kwa kutojua tofauti. Hayo yanawaka na ni sumu.

Nta ya nyuki utaipata kwa wauza asali. Ya Tabora huwa na harufu inayobaki kwenye pambo hata mwaka unaofuata. Pima sehemu 1 ya nta kwa sehemu 4 za mafuta kwa uzito: gramu 25 za nta, gramu 100 za mafuta. Hiyo inatosha mapambo 40 na zaidi. Pwani, kwenye joto, ongeza nta hadi gramu 35, la sivyo mchanganyiko utabaki uji.

Weka vyote kwenye kopo, kopo ndani ya sufuria ya maji, sufuria juu ya moto mdogo. Kopo lisiguse moto moja kwa moja kamwe. Nta iliyopashwa kupita kiasi huwaka, na ukiumwagia maji moto huo unaruka. Ikitokea, funika kwa kifuniko na uzime jiko.

Paka mchanganyiko ukiwa bado vuguvugu, kwa kitambaa cha fulana. Acha usiku kucha. Asubuhi futa ziada yote na ung'arishe kwa kitambaa kikavu. Rudia mara moja.

Kama unatumia mafuta ya kitani badala yake, yanang'ara vizuri na yanakauka kweli, lakini vitambaa vyake vikikunjwa na kuachwa vinajipasha joto vyenyewe hadi kuwaka bila kibiriti. Vitandaze kimoja kimoja nje mpaka vikauke vikawa vigumu.

Dalili ya kufaulu: bonyeza pambo kwenye karatasi nyeupe kwa dakika moja. Karatasi isibaki na alama.

## Nyufa ndogo zilizojitokeza njiani

Ufa mwembamba kama unywele kwenye mbao iliyokwisha kukauka unatibika, ila kabla ya mafuta. Changanya vumbi la msasa wa mbao ileile na gundi ya mbao mpaka liwe kama ugali laini, lisukume ndani kwa ncha ya kisu, acha siku nzima, kisha piga msasa. Ufa unaozidi milimita moja usiuzibe. Utafunguka tena. Pambo hilo libaki lako.

## Hatua ya 10: Uzi, kufunga, safari

Sentimita 20 za uzi zinatosha. Kamba ya katani inapendeza lakini inachoma. Ipitishe kwenye nta kwanza. Jaribu kulitundika pambo kwenye tawi halisi la mvinje, au la saiprasi kama uko bara. Tawi likiinama zaidi ya upana wa viganja viwili, punguza unene kwa msasa.

Funga kwa kipande cha kanga au kitenge kilichobaki kwa fundi cherehani, au kwa gazeti. Usitumie mfuko wa plastiki, hasa pwani. Unyevu unafungiwa ndani na ukungu mweusi unaota ndani ya wiki mbili.

Zawadi ya kuvuka mipaka isiwe na gome hata kidogo. Gome huficha mayai ya wadudu, na nchi kama Australia zina wakaguzi wakali sana kwa vitu vya mbao vyenye gome. Tamka kwenye fomu kwamba ni mbao. Kuficha ndiko kunakosababisha kunyang'anywa.

Ndani ya kifurushi tia kikaratasi. Mimi huandika hivi: "Ni mtiki wa Muheza. Usilitundike karibu na kipashajoto wala dirisha la jua. Usilioshe, lipanguse kwa kitambaa kikavu. Likififia, lipake nta kidogo kila Desemba." Halafu jina langu, na gramu lilizokuwa nazo siku lilipoondoka, ili akilipima huko aniambie limeshuka kiasi gani.